Chura Asiyelia wa Milima ya Ukaguru

Anayesaka vyura usiku msituni hutanguliza masikio. Dume huita, naye huelekeza tochi sauti inakotoka. Kwa Hyperolius ukaguruensis mbinu hiyo haifui dafu, kwa sababu madume wake hawalii. Inabidi kumulika jani moja moja, miguu ikizama topeni, hadi mwanga umkute chura mdogo amejibanza kimya juu ya unyasi.

Watafiti, wakiwemo Lucinda Lawson wa Marekani na John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walimpata mwaka 2019 katika milima ya Ukaguru mkoani Morogoro. Walikuwa wakimsaka chura mwingine adimu wa hukohuko, Churamiti maridadi. Maelezo ya spishi hiyo mpya yalichapishwa mwaka 2023. Koo la dume lina miiba midogo, na watafiti wanahisi huenda jike humtambua kwa kuigusa.

Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani. Ukungu na mvua za Bahari ya Hindi ndizo zinazoutunza msitu wake, na vijito vinavyotoka humo hulisha mto Wami. Lakini mashamba ya mahindi na maharage yanazidi kuupanda mlima, moto wa kusafishia mashamba nao huponyoka ukaingia msituni. Kuna pia misonobari ya kupandwa. Ukitazama kwa mbali utaona kijani tu, ukaamini msitu upo. Ingia chini yake: sindano kavu zimetanda, na zile nyasi ndefu za kinamasi hakuna. Vyura wa jamii hii hutaga kwenye majani yaliyoning'inia juu ya maji, ili viluwiluwi wakianguliwa wadondokee humo. Kinamasi kikikauka, kizazi kimekwisha, na kwa kuwa hakuna aliyezoea kusikia mlio, hakuna atakayeshtuka kwamba umekoma.

Tanzania imewahi kuponea chupuchupu. Chura wa Kihansi alitoweka porini baada ya maji ya maporomoko kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Aliokolewa na wenzake waliokuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, wakaanza kurudishwa mwaka 2012. Huyu wa Ukaguru tusimfikishe huko. Doria za msituni zisiishie kukamata magogo. Vinamasi navyo vipimwe, viwekewe mipaka, na visilimwe mboga kiangazi.