Sauti Zilizorudi Kwao

Sahani ya santuri ina mfuo mwembamba uzungukao kama gamba la konokono. Sindano ipitapo katika mfuo ule hutikisika, na sauti ya mwimbaji husikika tena, ijapokuwa mwenyewe amekwisha kufa. Lakini sahani za zamani huvunjika upesi. Ikivunjika ile ya mwisho, wimbo umepotea.

Kwa sababu hiyo wako watu wakusanyao nyimbo na kuzitunza. Mmoja wao alikuwa Hugh Tracey. Mwaka wa 1950 alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, Kenya, akanasa sauti za wasichana walioimba juu ya “Chemirocha”. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, Mmarekani mwimbaji wa muziki wa kantri, aliyekufa mwaka wa 1933. Wakipsigis walimjua kwa gramafoni tu. Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha maktaba ya muziki huko Afrika Kusini, na nyimbo hizo zikatunzwa humo.

Ikapita miaka zaidi ya 60, ndipo watunzaji walipozirudisha Kapkatet. Baadhi ya walionaswa sauti walikuwa wangali hai, wakasikia ujana wao.

Mahindi yaliyofungiwa ghalani hayamshibishi mtu mpaka yatolewe. Wimbo nao ni vivyo hivyo: kuutunza ni nusu ya kazi, nusu ya pili ni kuwarudishia wenyewe.