Wageni wa Kanisa Wakifika Boko

Kila ifikapo Juni, shule za Marekani na Ulaya zinapofunga, sharika nyingi za Dar es Salaam huanza kupika pilau la wageni. Huja kwa vikundi, wamevaa fulana za rangi moja, kuhudumu: kupaka rangi darasa la chekechea, kuchimba msingi wa choo, kucheza mpira na watoto. Jioni huketi kwenye viti vya plastiki wakisimuliana walivyoguswa na umaskini waliouona.

Wakiletwa Boko, umaskini huo inabidi watafutiwe. Kitongoji hiki cha Kinondoni, mbele kidogo ya Tegeta kwenye barabara ya Bagamoyo, hakina mpaka kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Ghorofa yenye geti la umeme imepakana ukuta na nyumba ya vyumba vya kupanga ambako familia tano zinapokezana choo kimoja. Kwa takwimu za serikali za mwaka 2017/18, Watanzania Bara 26 katika kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini, yaani chini ya shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima mmoja. Rukwa walikuwa 45. Dar es Salaam walikuwa 8 tu, wachache kuliko mkoa wowote. Ila kutoka uwanja wa ndege hadi Sumbawanga, huko Rukwa, ni mbali, na Bagamoyo na Zanzibar ziko karibu kwa matembezi ya siku ya mwisho.

Jumapili ndiyo siku ya kufumbuliwa macho, kwa mgeni aliye tayari. Ibada ya Kilutheri ikiisha, watu hutoka nje kwenye mnada. Bibi ambaye hakuwa na noti ya kutia kwenye bahasha ameleta mayai, mwingine mkungu wa ndizi, mwingine jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa mwenye mdomo mwepesi ananadi. Mfanyabiashara mmoja anamnunua jogoo kwa bei ambayo sokoni ingepata watatu, kisha anamrudisha anadiwe tena. Watu wanacheka, jogoo anauzwa mara ya pili, na fedha zote zinaingia kwenye ujenzi. Mgeni aliyeambiwa amekuja kwa watu wasio na kitu hukaa na simu yake mkononi, hajui apige picha ipi. Bibi wa mayai naye ametoa, tena mbele ya watu wote, wala hakuna aliyeuliza ana kiasi gani nyumbani.

Sasa tupige hesabu ambayo kwa adabu hatuipigi mbele ya wageni. Tiketi ya ndege kutoka Minneapolis hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, si ajabu ifike dola 1,500. Kwa dola ya shilingi 2,500 hizo ni shilingi 3,750,000, na kwa bei inayozunguka shilingi 16,000 zinanunua zaidi ya mifuko 200 ya saruji. Saruji yenyewe iko hapo juu Wazo Hill, kwenye kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Mafundi wako kijiweni tangu asubuhi wakisubiri kuitwa. Kijana wa miaka 17 ambaye hajawahi kushika brashi anawachukulia kazi, nasi tunampigia makofi.

Sisemi wasije. Uhusiano wa Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa eneo la Saint Paul, Minnesota, uitwao Bega kwa Bega, umedumu tangu 1987 kwa sababu usharika umeshikana na usharika, na safari zimekuwa za pande zote mbili. Watanzania wanaokwenda huko hukuta magari na maghala ya vyakula. Hukuta pia makanisa yanayogawa chakula kwa wenye njaa, na wazee wengi kwenye viti vilivyo nusu vitupu. Mwaka 2023 karibu Wamarekani milioni 37 walihesabiwa kuwa maskini, kwa kipimo chao, ambacho hakifanani hata kidogo na chetu. Kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani, lililokuwa na waumini zaidi ya milioni 5 lilipoundwa mwaka 1988, sasa halifikishi milioni 3. KKKT, kanisa letu la Kilutheri hapa Tanzania, ina zaidi ya milioni 6. Kwa hesabu hiyo, anayehitaji kutembelewa na kuombewa ni nani?

Tatizo ni mlango. Mmarekani hulipa dola 100 za viza, akaingia. Ada ya Marekani ilipopandishwa mwaka 2023, mwinjilisti wa Boko aliyetaka kurudisha ziara alilipa dola 185 za maombi, akaenda ubalozini kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani, na aliponyimwa fedha haikurudishwa.

Kwa hiyo wazee wa kanisa mnaopanga ratiba ya Juni ijayo: rangi mpeni fundi wa mtaani, alipwe. Wageni wapelekeni kwenye jumuiya mbili, moja nyuma ya geti na nyingine kwenye vyumba vya kupanga. Na kabla hamjaandika barua ya mwaliko, kubalianeni nao kwa maandishi nani wa Boko atakwenda kwao, lini, na viza italipwa na nani.