Huruma ya Msimamizi Iandikwe Daftarini

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, anayechuma kwa mkono hulipwa kwa kilo, na kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Akichanganya na majani makuukuu, mzigo hukataliwa kwenye mizani, kwani hakuna kiwanda kinachoweza kuyageuza majani magumu yakawa chai nzuri. Sasa mchukue mama aliyekesha na mtoto mgonjwa. Kikapu chake ni chepesi, na nusu yake ni majani magumu. Msimamizi afanyeje?

Wengi watasema amfumbie macho, binadamu ni utu. Mimi nasita. Wema unaofanywa kimyakimya kati ya watu wawili, mmoja akiwa bosi, huacha deni, na mwenye kudai ndiye huchagua siku na namna ya kulipwa. Mnamo Februari 2023, BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kunyanyaswa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Kwa simulizi zao, kupata kazi au kubaki nayo kulitegemea kumridhisha mkubwa. Na kwa wanaoishi katika nyumba za kampuni, kufutwa kazi ni kuhamishwa na watoto pia.

Basi yule mama asaidiwe, ila msaada uonekane. Majani magumu yakataliwe kama ya mtu mwingine yeyote. Wenzake waliochuma vizuri wanatazama. Kisha aulizwe kulikoni, na akipewa ruhusa au kazi nyepesi, iandikwe daftarini: nani kapewa, kwa sababu gani, na nani kaidhinisha. Akiugua yeye mwenyewe, hapo hahitaji hisani ya mtu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, mradi alete cheti cha daktari.

Makosa yakizidi hadi kufikiria kumfuta, kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe, kisha amsikilize. Lugha hiyo yaweza kuwa Kipsigis, Kigusii au Kijaluo. Nimeona mameneja wakikichukulia kikao hiki kama kero ya mawakili, ilhali mara nyingi ndipo wanaposikia kwa mara ya kwanza habari za mtoto mgonjwa.

Daftari lenyewe likaguliwe na mtu asiye chini ya msimamizi huyo. Ikionekana kazi nyepesi za kundi lake zinawaendea wasichana wawili watatu walewale mwezi baada ya mwezi, aitwe yeye kwanza kujieleza, nao waulizwe kando, na mwanamke, pasipo msimamizi kuwapo.