Vita vya Manyema vya Mwaka 1892 hadi 1894: Chanzo Chake, na Maneno Yaliyobaki Nyuma

Mtu asimamaye ufukoni Kirando, nyanda za juu za Ufipa zikiwa nyuma yake, huitazama Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa. Huko ziko Mpala na Moba. Na mbele zaidi, kuelekea mto Lualaba, iko nchi iliyojulikana kwa wafanyabiashara wa pwani kwa jina la Manyema. Katika nchi hiyo, tangu mwaka 1892 hadi mwanzoni mwa mwaka 1894, vilipiganwa vita ambavyo vitabu vingi vya Ulaya huviita vita vya kuwaondoa Waarabu na kukomesha utumwa. Katika makala haya nimekusudia kueleza kwa nini jina hilo halitoshi, kisha kuchungua maneno machache ambayo vita hivyo na biashara iliyovitangulia viliyageuza maana katika Kiswahili.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba pande mbili zilizopigana zilikuwa, kwa hati, za dola moja. Mwezi wa Februari 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alipatana na Stanley huko Unguja, akakubali kuwa Liwali wa Dola Huru ya Kongo katika maporomoko ya Stanley, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Bendera ya mfalme Leopold ikapepea mahali palipotawaliwa na watu wake mwenyewe. Alipokwenda zake pwani, mpwa wake Rashid alishika kazi ya uliwali, na mwanawe Sefu akabaki Kasongo. Kwa hiyo vita vilipoanza, dola ilipigana na maliwali wake. Ndiyo sababu sioni vibaya kuviita vita vya wenyewe kwa wenyewe, ingawa najua kwamba wakuu wa upande mmoja walitoka Ubelgiji na wa upande wa pili walikuwa na asili yao Maskati, Unguja na Lindi. Wapiganaji wenyewe, huku na huku, walikuwa wenyeji wa bara.

Chanzo kilikuwa nini? Jibu fupi ni pembe. Tippu Tip ameacha habari za maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, nazo zilichapishwa tena na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1958 na 1959. Ayasomaye maneno hayo huona jinsi pembe zinavyohesabiwa kwa frasila, safari baada ya safari, na watumwa wanatajwa kwa kupita tu, kama vile mtu atajavyo mzigo na kamba yake. Hapo pana jambo la kuangaliwa. Baada ya mkataba wa mwaka 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja, watu waliotekwa bara hawakuacha kutekwa. Bali wengi wao hawakufika tena pwani. Walibaki Kasongo na Nyangwe wakilima mpunga, walichukua pembe mpaka Ujiji na Tabora, walishika bunduki, wakapelekwa kuteka wengine. Pasipo watumwa pembe hazikuweza kutoka msituni, na pasipo pembe bunduki hazikupatikana.

Dola ya Leopold nayo ilizitaka pembe zizo hizo. Mwaka 1891 ilitoa amri za kujiwekea mazao ya nchi, na pembe zikiwamo. Na pembe zilizokuwa zikishuka mashariki kwa njia ya Ujiji zikatakiwa zishuke magharibi kwa njia ya mto. Wakati uo huo mkutano wa Brussels wa miaka ya 1889 na 1890 ulikuwa umewapa wakuu wa Ulaya neno zuri la kutamka mbele ya watu, nalo ni kukomesha biashara ya watumwa. Sisemi kwamba neno hilo lilikuwa uongo kwa kila aliyelitamka. Mapadri wa Karema na Mpala walijua vema maovu waliyoyapinga. Lakini jeshi halikuondoka kwa ajili ya neno.

Mwezi wa Mei 1892 Hodister, wakala wa kampuni ya biashara, aliuawa Riba Riba pamoja na wenziwe. Kisha Ngongo Lutete, aliyekuwa mkuu wa vita upande wa Lomami kwa niaba ya Tippu Tip, alishindwa na Dhanis, akageuka akaifuata dola. Sefu akadai arudishiwe mtu wake. Alipokataliwa alivuka Lomami, na mwezi wa Novemba akashindwa. Nyangwe ilitwaliwa tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sefu akafa mwaka huo huo. Muhammad bin Khalfan el Barwani, ambaye bara walimpa jina la Rumaliza, alitoka Ujiji kuja kuwasaidia jamaa zake. Naye alishindwa mwezi wa Januari 1894, akakimbilia upande wa Wadachi, yaani upande wetu huu wa ziwa.

Katika habari hizi zote, ya Ngongo Lutete ndiyo inayofumbua fumbo. Mtu huyu alipata kuwa mtumwa, akapanda mpaka akawa mtekaji mkubwa wa watu. Na dola iliyosema kwamba inapigana na utumwa iliushinda mji wa Kasongo kwa msaada wa majeshi yake. Halafu, mwezi wa Septemba 1893, maofisa wa dola hiyo walimshtaki kwa uhaini wakampiga risasi. Wengi wa waliokuwa watu wake walitiwa katika jeshi la serikali. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg waliasi, na kisa cha Ngongo hutajwa katika sababu za maasi hayo. Mengine yakafuata mwaka 1897, na tena mwaka 1900 katika ngome ya Shinkakasa. Hivyo vita vilivyohesabiwa kuwa vimekwisha vilizaa vingine.

Na wale walioitwa watumwa walipata nini? Hapa neno moja litatuongoza. *Kukomboa* ni kutoa mali ili kitu au mtu arudi. Ofisa wa dola alimkomboa mtumwa, kisha akamwandika katika jeshi au kazi kwa muda wa miaka saba. Kwa Kiswahili cha kawaida mtu aliyekombolewa ameondokewa na deni. Mtu huyu alianza kulilipa. Padri naye alikomboa watoto, akawaweka katika vijiji vya misheni. Katika hao waliokombolewa na mapadri, wa kukumbukwa kuliko wote pwani yetu ni Adrian Atiman, aliyetekwa mtoto huko Afrika ya Magharibi, akasomeshwa uganga Malta, akaja Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu huko mpaka kufa kwake mwaka 1956.

Upande wa mashariki wa ziwa utumwa haukufutwa kwa siku moja. Wadachi waliagiza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, lakini mama zao wakabaki walivyo. Sheria iliyoukata kabisa katika Tanganyika ni ya Waingereza, ya mwaka 1922. Kati ya kuanguka kwa Kasongo na sheria hiyo kuna miaka 29, na katika miaka hiyo maneno nayo yalikuwa yakisafiri.

*Mwungwana* pwani alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo. Bara, wapagazi na askari wa misafara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au wana wa watumwa, walijiita Wangwana, kwa kuwa walivaa nguo na walisema Kiswahili. Lugha yao huko Kongo ikaitwa Kingwana. Yaani lugha imepewa jina la hali ambayo wengi wa wasemaji wake wa kwanza walinyimwa! Kwetu leo neno hilo lina maana ya mtu wa adabu tu, na maana ya uhuru imechakaa ndani yake. *Huru* limekwenda njia ya kinyume: kwanza lilikuwa hali ya mtu mmoja asiyemilikiwa na mwingine, na katika miaka ya 1950 likawa, kwa umbo la *uhuru*, dai la nchi nzima.

*Manyema* ni jina gumu zaidi. Lilikuwa jina la nchi. Likawa jina la watu waliotoka au waliotolewa nchi hiyo, wakakaa Ujiji, Tabora, na hata Dar es Salaam. Kisha, katika vinywa vya wengine, likawa namna ya kumwambia mtu kwamba babu yake alinunuliwa. Wenyewe hawakulikataa. Walilichukua wakalifanya kuwa kabila, lenye wazee wake na vyama vyake vya kuzikana, na ndani yake wameingia watu ambao mababu zao hawakujuana wala hawakusema lugha moja. Wachapishaji wa kamusi wakitaka kulieleza neno hili kwa mstari mmoja, yaani "kabila la Kongo", watakuwa wameacha karibu kila kitu kilichomo.