Misingi ya Maisha (3): Kufuli Tatu za Kikoba

Wosia hatuna upungufu nao. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa kumfundisha namna ya kuishi na Mola wake, na mumewe na watu. Katika karne iliyofuata Shaaban Robert, aliyeanza kazi kama karani wa forodha, naye aliwatungia wanawe tenzi za maadili. Siku hizi vitabu vya siri za mafanikio vimepangwa chini kando ya barabara za Kariakoo na Posta, na anayekosa pesa ya kununua huletewa nasaha bure kwenye simu kila asubuhi, zikiwa na picha ya jua linalochomoza.

Kwa hiyo anayeshindwa kuweka akiba hashindwi kwa kutojua faida ya akiba. Mdeni anayezima simu anajua vizuri kwamba deni hulipwa. Katika sehemu mbili zilizopita nilieleza kwa nini mtu anayetimiza ahadi hukopesheka hata akiwa mikono mitupu. Leo nauliza hilo linatendekaje Jumanne jioni, umechoka, pesa iko mfukoni na rafiki amekaa pembeni anaagiza.

Maoni yangu ni kwamba wengi tunaowasifu kwa msimamo hawana moyo mgumu kuliko sisi. Wamejipangia mambo yao hivi kwamba siku moyo ukilegea hasara haiwi kubwa. Mpango wa namna hiyo sijauona ukifanya kazi vizuri mahali popote kama kwenye kikoba.

Mtindo huu wa vikundi vya hisa na mikopo una historia inayofahamika. Ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na michezo yao ya kupokezana fedha, kama upatu wetu. Ukafika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Bara ukaenea kwa jina la VICOBA, mpaka leo ni nadra kukuta mtaa usio na kikundi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi vinatambuliwa kisheria katika daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa.

Ukihudhuria mkutano mmoja utaliona sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na katika utaratibu wa asili watu hao hawatoki katika uongozi: mwenyekiti hana ufunguo, katibu hana, na mweka hazina anayelala na sanduku nyumbani kwake hana pia. Sanduku hufunguliwa mkutanoni tu, mbele ya wote. Wahesabu fedha wawili huhesabu kwa sauti. Kila aliyenunua hisa hugongewa mihuri kitabuni mwake, huku jirani yake akiona ni mihuri mingapi.

Kule Niger, ambako wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma, hata daftari halikuwepo. Hesabu iliwekwa kichwani. Kabla ya kuondoka, wanachama walikariri salio lililobaki, na mkutano uliofuata ulianza kwa kulitaja tena kabla sanduku halijafunguliwa. Ili kuiba kwenye sanduku la namna hiyo ingebidi uzifungue kufuli tatu, kisha uwasahaulishe watu wazima wote waliokariri.

Ninalolipenda zaidi ni kwamba hakuna anayekasirika. Mweka hazina haambiwi kwamba ni mwizi kwa sababu amenyimwa ufunguo. Wote wanajua kwamba hata mtu mwema, mtoto akiugua saa nane usiku na fedha iko chini ya kitanda, atajiambia kwamba anaazima tu mpaka Ijumaa. Zile kufuli zinamlinda yeye kwanza. Asubuhi anaamka na jina lake halijaguswa.

Faini nazo zina akili yake. Kuchelewa kuna faini, simu ikilia kuna faini, kuzungumza bila kuruhusiwa kuna faini. Ni shilingi mia tano au elfu moja, fedha ambayo haimfilisi mtu. Msichana anaingia amechelewa, anasalimia: "Shikamooni. Samahani mama mwenyekiti, daladala zilisumbua." Anajibiwa kwa upole wote: "Marahaba mwanangu, pole sana. Faini weka pale." Anaweka, watu wanacheka, mkutano unaendelea. Udhuru umesikilizwa na faini imelipwa, na hakuna kinyongo kilichobaki. Linganisha na ofisini, ambako mtu huchelewa mwaka mzima bila kuambiwa neno, halafu siku moja anapewa barua ya onyo yenye kurasa mbili.

Ugonjwa wetu mkubwa katika mambo ya fedha ni kuona kuandikishana ni kudharauliana. Ndugu akikuomba laki tatu, ukitoa kalamu amenuna: "Kumbe huniamini!" Lakini aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Sura ya al-Baqara, inahusu kuandika deni: liandikwe, pawe na mwandishi mwadilifu na mashahidi, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Waliopewa agizo hilo ni waumini, watu ambao tungetarajia waaminiane kwa neno tu.

Nje ya kikundi nako watu wamejibunia kufuli zao. Kibubu ni mfano mzuri. Mafundi seremala wanakiuza barabarani, kasanduku ka mbao kenye tundu la kutumbukizia na hakana mlango, ukitaka chako ukivunje. Hatua hiyo moja ya kutafuta nyundo imeokoa mabati mengi ya nyumba. Kijana wa bodaboda aliyepewa pikipiki kwa mkataba, akijua kwamba akikamilisha marejesho itakuwa yake, mara nyingi huiweka hesabu ya tajiri kwa wakala wa fedha kabla hajala chakula cha mchana. Anajua akifika nayo nyumbani itapata kazi nyingine.

Lakini ugumu wa kufuli peke yake hausaidii, na hapa kuna utafiti mzuri uliofanyika magharibi mwa Kenya. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, waliochapisha matokeo yao mwaka 2013, waliwafuatilia watu waliokuwa katika vikundi vya kupokezana fedha, wakitaka kujua nini kingewasaidia kutenga akiba ya mambo ya afya. Baadhi yao walipewa sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo wakabaki nao wenyewe. Wengine walipewa sanduku kama hilo, ila ufunguo ulishikwa na ofisa wa mradi mpaka lengo litimie. Wengine walianzisha chungu cha pamoja ndani ya kikundi chao.

Ungedhani sanduku lisilofunguka ndilo lililoshinda. Halikushinda. Sanduku la kawaida, ambalo mwenyewe angeweza kulifungua saa yoyote, liliongeza matumizi ya watu kwenye kinga ya maradhi kwa takriban theluthi mbili. Lile ambalo ufunguo wake ulikuwa kwa ofisa halikuleta faida kama hiyo, kwa sababu watu waliogopa kuifungia fedha mahali ambapo wasingeweza kuifikia dharura ikitokea. Chungu cha kikundi kiliwapita wote kwa mbali.

Nalisoma jambo hili hivi. Fedha iliyopewa jina na mahali pake ni rahisi kuinyima. Shemeji akija na shida zake, mwenye sanduku anaweza kusema kweli kwamba hii ni ya chandarua, na fedha iliyo mfukoni haina jina la kuitetea. Ukiongeza na macho ya wenzako wanaokutegemea, nidhamu inakuwa nyepesi. Kufuli kali isiyo na watu nyuma yake huchosha, na mtu huikimbia.

Simu imeuvuruga mpango huu. Sikatai manufaa yake: tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, mama wa Newala anapokea fedha ya mwanawe wa Mwanza kwa dakika moja. Lakini angalia tulichokiondoa. Mkopo wa kikoba huombwa mchana, mbele ya watu, ukieleza unakwenda kufanya nini, na wenzako hukudhamini. Mkopo wa simu huombwa usiku wa manane kitandani, mwenzi wako amelala, na hakuna anayekuuliza wa nini. Namba ya siri ni kufuli moja na imeshikwa na mkono uleule unaotaka pesa. Watu wameipa mikopo ya riba ya kutisha jina la kausha damu, na hawakukosea. Hata hivyo naona hatari ilianza kabla ya riba, pale mtu alipoweza kukopa bila kulisikia ombi lake mwenyewe likitamkwa kwa sauti.

Hata dola iliwahi kujaribu kufuli hizi. Kufikia Februari 1967 Mwalimu Nyerere alikuwa amewahubiria viongozi kwa miaka mingi kuhusu kutumikia watu. Azimio la Arusha halikutosheka na mahubiri. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba, kuwa na hisa katika kampuni. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi aorodheshe mali na madeni yake kila mwaka. Msomaji anaweza kubishana nami kama masharti ya 1967 yalikuwa makali mno. Mengine yalikuwa hivyo. Ila kuorodhesha mali na kukatazwa kuitafuta kwa njia fulani ni mambo mawili, na la kwanza ni jepesi zaidi kwa mwenye nia mbaya.

Vikoba navyo huharibika. Yuko mwanachama wa vikundi vitano anayekopa cha Jumatano kulipa cha Jumamosi, mpaka siku mnyororo unapokatika na anahama mtaa usiku. Viko vikundi vinavyobeba makochi ya mjane kwa marejesho ya laki moja, vikijiona vinafuata katiba. Hapo mfuko wa jamii, ile fedha ndogo inayochangwa pembeni kwa ajili ya misiba na maradhi, ungetakiwa kutangulia kabla ya makochi. Nimeona kwamba vikundi vinavyodumu vina desturi moja ambayo aghalabu haimo kwenye katiba: anayeona marejesho yatamshinda husimama mapema, wiki mbili kabla, na kusema. Hupangiwa upya. Anayekaa kimya mpaka siku yenyewe hakuna anayemhurumia, hata kama shida yake ni kubwa zaidi.

Mzunguko ukiisha, kwa vikundi vingi ikiwa Desemba kabla ya karo za Januari, kikoba huvunjwa. Madeni yanakusanywa, faida inagawiwa kwa hisa, na sanduku linabaki tupu kabisa. Wanaotaka kuendelea huanza upya na kuisoma katiba kifungu kwa kifungu, wakipandisha faini hapa na kushusha hisa pale. Washika funguo huchaguliwa wengine. Aliyewasumbua mwaka mzima hafukuzwi wala hasemwi, ila tarehe ya mkutano wa kwanza haimfikii.

Sehemu ijayo itahusu deni la ndugu, ambalo halina katiba, na ambalo bado hatujapata mtu wa kulitoza faini.