Kabla binamu yako hajachukua boda ya stima, mwambie aulize betri ni ya nani

Umefika ushago, Suneka, kwa wikendi. Matatu imekushusha kando ya barabara ya Kisii–Migori na hata hujavuka upande wa pili, binamu yako ameshakuona kutoka stegi. Salamu fupi, halafu swali: "Wewe wa Nairobi unaziona kila siku. Hizi boda za stima, nichukue ama niache?"

Hatanii. Amepata mtu wa mkopo, na deposti iko tayari: akiba yake ya mwaka mzima pamoja na pesa za ndizi alizoongezwa na mamake. Wenzake stegini nao wameshampa ushauri bure. Ikinyeshewa itakupiga shoti. Ukilala ikichaji italipuka. Tokeni zitaisha. Mlima utaimaliza.

Usimjibu haraka. Mengi ya hayo si kweli, mengine ni nusu kweli, na lile jambo linaloweza kumpotezea deposti hakuna aliyelitaja.

"Ikinyeshewa itakupiga shoti"

Ingekuwa hivyo, hakuna boda ya stima ingefanya kazi Gusii, maana mvua ya huku haiombwi. Betri na mota hufungwa ili maji yasiingie. Pikipiki nyingi za aina hii hutumia volti 72 hivi. Soketi ya ukutani ina volti 240.

Kwa hivyo ukitafuta hatari, angalia upande wa ukuta. Ni ile ekstensheni ya bei rahisi iliyopitishwa dirishani hadi uani, ikalala kwenye matope. Ni ile soketi iliyolegea inayotoa cheche ukichomeka plagi. Betri ichajiwe mahali pakavu, plagi ipanguswe kwanza, na pikipiki isizamishwe mtoni eti inaoshwa.

"Ngoja chaji iishe kabisa ndiyo uchaji"

Hii tumerithi kutoka kwa simu za zamani. Betri za nikeli za wakati huo zilikuwa na tabia ya "kukumbuka": ukizichaji kabla hazijaisha, zinapunguza uwezo wake. Betri ya lithiamu haina tabia hiyo. Kinyume chake, kuimaliza hadi sifuri kila siku ndiko kunakoizeesha mapema.

Ikifika asilimia 20 hivi, chaji. Ukiweza kuichaji kidogo wakati wa lanchi, sawa tu. Na kama boda itakaa wiki kadhaa bila kazi, usiiache ikiwa tupu. Joto pia ni adui. Ukishapanda milima na mzigo wa matofali, iache betri ipoe kidogo kabla ya kuiweka kwenye chaja.

"Ukilala ikichaji italipuka"

Ndani ya betri kuna kifaa kidogo cha kielektroniki kinachokata umeme ikijaa ama ikipata joto kupita kiasi. Usiku kucha kwenye chaja yake haina neno.

Shida huanza mtu anapochezea mfumo huo: chaja ya kuazima isiyolingana na volti za betri, betri iliyoanguka ikabonyea, ama fundi wa mtaa aliyeifungua "kuiongezea nguvu". Moto wa lithiamu ni mbaya na ni mgumu kuzima, kwa hivyo usiichaji kando ya kitanda wala mlangoni. Mlango ndiyo njia yako ya kutokea.

"Tokeni zitaisha"

Hapa mwambie atoe simu mpige hesabu pamoja. Betri moja ya pikipiki nyingi hubeba kama uniti 3 za stima. Umeme kidogo hupotea kwenye chaja, kwa hivyo hesabu uniti 3 na nusu. Tuseme tokeni zenu zinatoka Sh30 kwa uniti. Hiyo ni Sh105 kuijaza. Kwenye barabara tambarare inaweza kumpeleka kilomita 60 hadi 80.

Kwa petroli, safari hiyo ni karibu lita 2. Tangu 2022 lita moja imekuwa juu ya Sh150, kwa hivyo hapo ni zaidi ya Sh300. Tofauti hiyo, kila siku ya kazi, ndiyo inayofanya watu waangalie boda za stima mara ya pili.

Kuna bei nafuu zaidi pia. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalum ya umeme wa vyombo vya usafiri: Sh16 kwa uniti, na Sh8 usiku wakati matumizi yako chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Lakini hiyo ni ya mita iliyowekwa kwa kazi ya kuchaji. Mita ya nyumbani haipati.

Halafu kuna jambo ambalo hesabu haionyeshi. Kama anaishi kwenye ploti yenye mita moja ya wote, atazungumza na majirani kwanza. Chaja inaweza kuvuta umeme kama pasi ya nguo, ila pasi unaizima baada ya nusu saa na chaja inakaa saa nne ama zaidi. Waya nyembamba ya kugawana itapata moto kabla betri haijajaa. Fundi wa stima aiangalie.

"Mlima utaimaliza, lakini ukiteremka inajichaji"

Yote mawili yana chembe ya ukweli. Pikipiki, dereva na mteja mmoja wakiwa na kilo 300 kwa jumla, kila mita 100 za kwenda juu hula kama moja ya kumi ya uniti. Namaanisha kwenda juu, si kwenda mbele. Kutoka Suneka kuelekea Kisii mjini barabara inapanda, kwa hivyo zile kilomita za kwenye brosha zitapungua. Safari moja haimalizi betri. Tripu kumi za kupanda na mzigo zitahisika.

Kuteremka nako, baadhi ya pikipiki hurudisha umeme kidogo kwenye betri mota inaposaidia breki. Ni kidogo. Asitegemee mteremko umfikishe nyumbani.

"Stima ikipotea umekwisha"

Stima hupotea, ndiyo. Mwaka 2023 pekee nchi nzima iliingia gizani Agosti, Novemba na Desemba. Lakini pampu ya petroli pia huendeshwa na umeme, na kituo kisicho na jenereta hufunga hivyo hivyo. Dawa ni kutongoja hadi usiku wa manane ukiwa na asilimia 5.

Na akisikia eti stima yenyewe inatoka kwa dizeli, mkumbushe kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwa mvuke wa Olkaria, maji, na upepo wa Turkana. Hata Gucha, mto unaoanzia huku huku milimani, huzungusha mitambo ya Gogo kule Migori.

Sasa lile swali

Kuna mifumo miwili. Katika wa kwanza betri ni yako: unaichomoa, unaibeba hadi ndani na kuichaji kwenye soketi ya kawaida. Roam ya Nairobi huunda pikipiki ya namna hiyo. Katika wa pili unanunua pikipiki lakini betri inabaki mali ya kampuni. Ikiisha, unaenda kituoni, unaacha iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache. Ampersand, iliyoanzia Kigali, hufanya hivyo, na Spiro pia.

Mfumo wa pili unapendeza Nairobi, ambako kituo hakiko mbali. Bei ya pikipiki hushuka kwa kuwa hulipii betri, na betri ikizeeka si shida yako. Lakini wewe ndiye mwenye kumwambia binamu yako ukweli huu: mtu wa mjini akisema "kuchaji ni dakika tatu", anazungumzia kituo kilicho jirani yake. Kituo kikiwa mbali, kila chaji ni safari nzima bila mteja, na kwa kawaida betri ya kampuni huwezi kuichaji nyumbani. Mkopo hautangoja kampuni ifungue tawi Suneka.

Kwa hivyo kabla hajatuma deposti, aulize mambo manne na majibu yawe kwenye karatasi. Betri ni ya nani? Naweza kuichaji kwangu? Kituo cha karibu kiko wapi leo, si mwaka ujao? Dhamana ya betri ni ya muda gani, na fundi wake yuko wapi?

Majibu yakimridhisha, achukue. Akiambiwa "kituo kinakuja", aweke pesa za mamake mfukoni na aendelee na boda aliyo nayo. Na wewe mwombe akufikishe nyumbani. Mvua inakaribia.