Ubia Unapovunjika na Kampuni Zinapoungana: Fedha ya Mlaji Iko Wapi?

Biashara nyingi zinazomhudumia mwananchi wa Kibaha na Kisarawe si mali ya mtu mmoja. Karakana ya samani ya Mailimoja, mashine ya kusaga mihogo ya Mlandizi, ghala la korosho la Maneromango au duka la vifaa vya ujenzi la Kisarawe mjini huweza kuwa la ndugu wawili, la marafiki watatu, au la kampuni ambayo nayo inamilikiwa na kampuni nyingine. Mambo yanapokwenda vizuri, mteja hana haja ya kuuliza mwenye mali ni nani. Swali hilo huzuka siku wabia wanapoachana, kampuni inapofilisika, au jina juu ya mlango linapobadilishwa usiku mmoja. Siku hiyo aliyelipa fedha ya awali ya milango, aliyeweka akiba benki na aliyenunua friji yenye dhamana ya miaka 2 wote huuliza jambo moja: nitamdai nani?

Makala hii inaeleza hali tatu ambazo mlaji hukutana nazo: kuvunjika kwa ubia, kufilisika au kuunganishwa kwa kampuni, na hesabu za kundi la kampuni. Hesabu zake huonekana ngumu, lakini kanuni zinazoziongoza ni chache na zinaeleweka.

Ubia na kampuni si kitu kimoja

Ubia ni makubaliano ya watu wawili au zaidi kufanya biashara pamoja kwa lengo la kugawana faida. Kwa Tanzania Bara, mambo yake ya msingi yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Ubia hauwakingi wabia dhidi ya madeni. Mali ya biashara isipotosha, wadai wanaweza kufuata mali binafsi za wabia, ikiwa ni pamoja na nyumba, shamba au pikipiki.

Kampuni yenye dhima yenye ukomo huandikishwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Mbele ya sheria, kampuni ni mtu anayejitegemea. Mwanahisa aliyekwisha kulipia hisa zake zote kwa kawaida hadaiwi zaidi, hata kampuni ikianguka na madeni makubwa. Msingi huu ulithibitishwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1896 katika shauri la Salomon, na hadi leo ndio unaoshikiliwa na mahakama za Afrika Mashariki.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha ya awali, soma risiti. Jina lililoandikwa hapo ndilo litakalokuambia kama unamdai mtu, wabia au kampuni.

Ubia ukivunjika: nani hulipwa kwanza

Sheria imeweka mpangilio wa malipo, na wabia hawana ruhusa ya kuupindua ili kuwaumiza watu wa nje. Kwanza hulipwa madeni ya watu wasio wabia: wauzaji wa malighafi, wafanyakazi, benki, kodi, na wateja waliolipa bila kupata bidhaa. Mdai mwenye rehani, kama benki iliyokopesha kwa dhamana ya mashine, ana haki ya kujilipa kutokana na rehani hiyo. Pili, hulipwa mikopo ambayo mbia aliikopesha biashara mbali na mtaji wake. Tatu, hurudishwa mtaji wa kila mbia. Kinachobaki, kama kipo, hugawanywa kwa uwiano wa faida.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya samani iliyoko Kibaha, yenye wabia watatu wanaogawana faida na hasara sawa kwa sawa. Siku ya kuvunja ubia, mizania yao inasoma hivi:

Mali
Mashine: shilingi 15,000,000
Mbao: shilingi 7,000,000
Wadaiwa: shilingi 4,000,000
Fedha benki: shilingi 1,000,000
Jumla: shilingi 27,000,000

Madeni na mtaji
Wauzaji wa mbao: shilingi 4,500,000
Malipo ya awali ya wateja: shilingi 1,500,000
Mkopo kutoka kwa mbia wa kwanza: shilingi 2,000,000
Mtaji wa mbia wa kwanza: shilingi 12,000,000
Mtaji wa mbia wa pili: shilingi 6,000,000
Mtaji wa mbia wa tatu: shilingi 1,000,000
Jumla: shilingi 27,000,000

Mwenye kuutazama ukurasa huu ataona biashara yenye afya. Lakini thamani ya vitabuni si bei ya sokoni. Mashine zilizotumika zinauzwa kwa 7,500,000, mbao kwa 4,200,000, na wadaiwa wanalipa 2,900,000 tu. Ukijumlisha na fedha iliyoko benki unapata 15,600,000. Gharama za kuvunja ubia ni 600,000, hivyo zinabaki 15,000,000. Mali ya 27,000,000 imezaa 15,000,000. Hasara ni 12,000,000, na kila mbia anabeba 4,000,000.

Sasa fuata mpangilio wa malipo. Wauzaji wa mbao na wateja wanalipwa 6,000,000, na zinabaki 9,000,000. Mbia wa kwanza anarudishiwa mkopo wake wa 2,000,000, na zinabaki 7,000,000. Baada ya kukata hasara, mtaji wa mbia wa kwanza umeshuka hadi 8,000,000 na wa mbia wa pili hadi 2,000,000. Mbia wa tatu alikuwa na 1,000,000 tu. Akibeba hasara ya 4,000,000 anakuwa na nakisi ya 3,000,000, ambayo anapaswa kuileta kutoka mfukoni mwake.

Akiileta, fedha inakuwa 10,000,000 na wenzake wanapata haki yao kamili. Asipokuwa na kitu, wenzake wawili ndio wanaobeba pengo, na hapo ndipo ugomvi huanza. Wakigawana pengo sawa kwa sawa, kila mmoja anapoteza 1,500,000: wa kwanza anaondoka na 6,500,000 na wa pili na 500,000. Lakini katika uamuzi wa mahakama ya Uingereza uliochapishwa mwaka 1904, shauri la Garner dhidi ya Murray, pengo la mbia asiye na uwezo lilibebwa na wenzake kwa uwiano wa mitaji yao. Kwa mfano wetu, uwiano huo ni 12 kwa 6. Wa kwanza anapoteza 2,000,000 na kubaki na 6,000,000. Wa pili anapoteza 1,000,000 na kubaki na 1,000,000. Kwa mbia wa pili, kutofautiana kwa kanuni kumemzidishia fungu maradufu. Dawa ni kuandika mapema katika mkataba wa ubia ni kanuni ipi itakayofuatwa, wakati bado mnapendana.

Mteja naye ana mafunzo mawili hapa. La kwanza, alilipwa kabla ya mbia yeyote kugusa mtaji wake. Mbia akikuambia, “Tuligawana kilichobaki, hakuna tena kitu,” wakati wewe hujalipwa, hilo si jibu la kisheria. Dai lako linabaki juu yao. La pili, mbia anayejitoa haachi nyuma madeni yaliyofanyika akiwa ndani. Aidha, mteja aliyezoea kufanya biashara na ubia anaweza kuendelea kumhesabu mbia huyo kuwa bado yumo mpaka apewe taarifa ya kuondoka kwake. Ndiyo maana mbia mwenye busara huwaarifu wateja kwa maandishi na kuhakikisha kumbukumbu za BRELA zimebadilishwa.

Kampuni ikifilisika

Kampuni inapofilisika huteuliwa mfilisi, ambaye hukusanya mali, huiuza na kuwalipa wadai kwa daraja zao. Wenye rehani na madeni yaliyopewa kipaumbele na sheria, kama vile baadhi ya mishahara na kodi, huwa mbele. Mteja aliyelipia bidhaa asiyoipata huwa miongoni mwa wadai wa kawaida, wasio na rehani. Hulipwa kwa kiasi kile kilichobaki, pengine sehemu tu ya dai lake. Wanahisa huwa wa mwisho.

Jambo la lazima ni kuwasilisha dai kwa mfilisi ndani ya muda uliotangazwa, pamoja na nakala za risiti na mkataba. Kukaa kimya ukitegemea kwamba vitabu vya kampuni vitakukumbuka ni hatari.

Kufungwa na kuunganishwa: mfano wa benki

Tofauti kati ya kufungwa na kuunganishwa ilionekana wazi nchini mwaka 2018. Mwezi Januari mwaka huo Benki Kuu ya Tanzania ilifuta leseni za benki tano: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers’ Cooperative Bank na Meru Community Bank. Wateja wao walielekezwa kwa Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo ilimlipa kila mteja hadi shilingi 1,500,000. Mwenye akiba zaidi ya hapo alilazimika kusubiri ufilisi.

Mwaka huo huo, Twiga Bancorp na baadaye Benki ya Wanawake Tanzania ziliunganishwa na Benki ya Posta. Mteja hakugeuka kuwa mdai wa mfilisi; akaunti yake ilihamia kwenye benki iliyopokea mali na madeni. Mwaka 2020 TIB Corporate nayo iliunganishwa humo, na mwaka 2021 benki hiyo ikachukua jina la Tanzania Commercial Bank.

Kiwango cha bima ya amana kilipandishwa mwaka 2023 hadi shilingi 7,500,000 kwa kila mteja katika benki moja. Maana yake ni kwamba mwenye 9,000,000 katika benki inayofungwa hulipwa 7,500,000 na bima, na 1,500,000 zinazobaki hutegemea mauzo ya mali za benki. Kikundi cha akiba chenye fedha nyingi katika benki moja hakina budi kulifikiria jambo hili.

Hesabu za kundi la kampuni

Kampuni inayomiliki na kuitawala nyingine huitwa kampuni mama, na inayotawaliwa huitwa kampuni tanzu. Kwa viwango vya kimataifa vya utoaji wa taarifa za fedha, ambavyo Tanzania ilianza kuvitumia mwaka 2004 chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, kampuni mama huandaa hesabu za pamoja, kana kwamba kundi zima ni biashara moja.

Hapo hufanyika mambo matatu. Mali na madeni ya kampuni tanzu hujumlishwa yote, hata kama kampuni mama haimiliki hisa zote. Fungu la wanahisa wengine huonyeshwa peke yake. Kisha miamala ya ndani hufutwa: kampuni mama ikimuuzia tanzu wake bidhaa za shilingi 40,000,000, kundi halijauza chochote, kwa kuwa ni sawa na mtu kuhamisha fedha kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia.

Mfano unaojulikana ni wa saruji, bidhaa inayomgusa kila anayejenga Kibaha au Kisarawe. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, yenye mamlaka juu ya kiwanda cha Twiga cha Wazo Hill, ilitangaza kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Katika hesabu za pamoja, umiliki wa namna hiyo huingiza mali zote za kiwanda, na asilimia 31.67 huonyeshwa kuwa ya wanahisa wengine. Muungano mkubwa wa aina hiyo hauwezi kukamilika bila idhini ya Tume ya Ushindani, kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa sababu wauzaji wakipungua bei inaweza kupanda. Tume iliridhia mwaka 2022, lakini Baraza la Ushindani likatengua idhini hiyo mwaka huo huo baada ya pingamizi. Maombi mapya yalifuata, na ununuzi ukakamilika mwaka 2023. Mlaji anapaswa kujua kwamba mlango wa kutoa maoni na kupinga upo.

Onyo moja ni muhimu. Hesabu nene za kundi hazimaanishi kwamba kila kampuni ndani yake ina uwezo. Kampuni mama kwa kawaida hailazimiki kulipa madeni ya tanzu wake, ila kama imetoa dhamana kwa maandishi. Cheti chako cha dhamana kikiwa na jina la kampuni tanzu, huyo ndiye unayemdai.

Mambo ya kufanya

1. Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na hakikisha jina lililomo linafanana na la mkataba na la akaunti unayolipia.
2. Tafuta jina la biashara au kampuni katika kumbukumbu za BRELA kabla ya kulipa fedha nyingi.
3. Lipa fedha ya awali ndogo iwezekanavyo, na iliyobaki lipa kadiri kazi inavyokamilika.
4. Ukisikia wabia wanaachana, andika barua kwa kila mmoja ukitaja kiasi unachodai, na uombe waisaini kuonyesha kuwa wameipokea.
5. Biashara ikiuzwa au kuunganishwa, uliza kwa maandishi ni nani aliyepokea madeni, oda na dhamana za zamani.
6. Ukitangaziwa ufilisi, wasilisha dai lako kwa mfilisi kabla ya muda kwisha.
7. Kama wewe ni mbia, andikeni mkataba unaotaja mtaji, uwiano wa faida, mikopo ya wabia, na namna ya kubeba pengo la mwenzenu asiye na uwezo.

Malalamiko kuhusu bidhaa, dhamana au miungano inayodhuru ushindani hupelekwa Tume ya Ushindani. Ya usajili hupelekwa BRELA, na madai ya fedha dhidi ya wabia au kampuni hufunguliwa mahakamani. Popote utakapokwenda, utaulizwa kwanza hati zako. Zitunze mpaka dhamana iishe muda wake au deni lilipwe lote.